Maji ya Kunywa Yachemke kwa Muda Gani? Maswali na Majibu

Nitajuaje kwamba maji yamechemka kweli?
Viputo vidogo vinavyoganda chini na pembeni mwa sufuria si mchemko. Hiyo ni hewa iliyokuwemo ndani ya maji, nayo hutoka mapema. Mvuke pia hudanganya. Subiri viputo vikubwa vinavyopanda kutoka chini na kupasuka juu mfululizo, hata ukikoroga havitulii. Hapo ndipo uanze kuhesabu dakika moja, kisha epua.

Dakika moja tu? Nyumbani tumezoea kumi.
Inatosha. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hufa ndani ya dakika moja kwenye nyuzi 70. Kirusi cha homa ya ini A ni kigumu zaidi, lakini nyuzi 85 kwa dakika moja humwua. Dakika tisa za ziada zinaunguza mkaa bure, na jambo hili lina madhara: anayeamini lazima zifike kumi, siku mkaa ukipungua hunywa maji mabichi. Funika sufuria, maji yatachemka mapema.

Tunaishi milimani na maharage yanachelewa kuiva. Je, maji yetu ni salama?
Ni salama, ila ongeza muda. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi: karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Dar es Salaam na Mombasa ni nyuzi 100. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 94. Uwanda wa Kitulo, mita 2,600, ni kama 91. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni 80 na ushee.

Ukiwa juu ya mita 2,000, acha yatokote dakika tatu. Kuchochea moto hakusaidii: yakishachemka, moto mkali huyageuza kuwa mvuke haraka zaidi, joto linabaki lilelile. Ndiyo maana maharage yanachelewa. Sufuria la presha huuzuia mvuke usitoke, joto likafika karibu nyuzi 120.

Chumvi inapandisha joto la kuchemka?
Kidogo mno. Kijiko cha chai kwenye lita moja hupandisha kama sehemu ya kumi ya nyuzi.

Maji yana tope. Nichemshe hivyohivyo?
Yaache yatuame, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo uchemshe.

Kuchemsha kunaondoa floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno?
Hapana. Sehemu za Arusha ambako meno ya watoto hugeuka kahawia, kuchemsha hupunguza maji huku floraidi ikibaki, hivyo inazidi kukolea. Huondolewa kwa kichujio cha makaa ya mifupa, au tumia maji ya mvua.

Mbona tunachemsha na bado watoto wanaharisha?
Mara nyingi kasoro iko baada ya kuepua. Maji yaliyochemshwa hayana dawa ya kuyalinda, kwa hiyo kikombe kimoja kilichoshikwa kwa mikono michafu kikizamishwa humo huyachafua yote. Yaache yapoe kwenye sufuria ileile ikiwa imefunikwa, uyamimine kwenye dumu safi lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba. Barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.