Kiberiti cha choo na kifua kinachopiga filimbi

Bibi mmoja wa hapa Busia, Uganda, aliniletea mjukuu wa miaka 6 na kisanduku cha kiberiti. Kwa wasiojua, ndani ya kiberiti huwa kuna choo cha mtoto, kimefungwa vizuri kwa kipande cha jani la mgomba. Alijua nitakiulizia.

"Musawo," akaniita, yaani daktari, "kifua cha huyu kinapiga filimbi usiku. Ni minyoo tu. Tangu Januari nimempa dawa mara nne, haisikii."

Juma lile lile, mwalimu mmoja wa sekondari alinisimamisha sokoni. Yeye amemkataza binti yake kumeza vidonge vya minyoo vinavyogawiwa Aprili na Oktoba, kwa sababu amesoma kwenye simu kwamba minyoo humkinga mtoto na pumu. Hawa wawili wangekaa benchi moja wangegombana, na kila mmoja angekuwa na kipande cha ukweli mkononi.

Nianze na bibi, maana kipande chake ndicho kikubwa. Mtoto humeza mayai ya mchango, yule mnyoo mrefu wa tumboni, pamoja na udongo wa kwenye vidole au embe lisilooshwa. Mayai huanguliwa tumboni, vibuu hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hupita ini na kufika mapafuni. Kutoka hapo hupanda njia ya hewa mpaka kooni, mtoto akavimeza tena bila habari, na sasa ndipo hukua kuwa minyoo mizima. Vikiwa mapafuni, mwili hukasirika: kikohozi kikavu, kifua kubana, filimbi. Sisi madaktari hali hiyo tunaiita kwa jina la Löffler, daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1932.

Ila piga hesabu. Mchango huanza kutaga miezi 2 hadi 3 baada ya yai kumezwa. Siku ambayo vibuu vinamtesa mtoto mapafuni, kiberiti hakina kitu. Siku ambayo darubini inaonyesha mayai, vibuu vilivyotoa filimbi ile vilishuka tumboni zamani. Tena albendazoli, kile kidonge cha minyoo, huua minyoo iliyo utumboni. Wasafiri wa mapafuni haiwawezi sana. Filimbi ya namna hii huisha yenyewe baada ya siku kadhaa. Inayorudi kila mwezi, ikiamshwa na mafua, baridi ya alfajiri au moshi wa sigiri, hiyo ni pumu mpaka ithibitike vinginevyo.

Mwalimu naye hakuokota uongo. Mnyoo unaotaka kuishi miaka ndani ya mtu lazima uwatulize askari wa mwili, na askari waliotulizwa hawakurupukii vumbi. Huko Lambaréné, Gabon, watoto wenye kichocho, ugonjwa wa minyoo ya kwenye damu, walipopimwa mzio, ngozi zao ziliwashwa kidogo na utitiri wa vumbi kuliko za wenzao, na walipotibiwa minyoo mara kwa mara, mzio ule ukaongezeka. Hapa kwetu Entebbe, wajawazito 2,507 waliandikishwa kati ya 2003 na 2005, wengine wakapewa albendazoli, wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wa waliopewa dawa walipata ukurutu zaidi wakiwa wachanga. Matokeo hayo yalinikosesha raha, nakiri.

Lakini ukurutu si pumu, na ngozi kuvimba kwenye kipimo si kifua kubana. Swali la mwalimu lilijibiwa visiwani Koome, Ziwa Viktoria, kwenye vijiji 26 vya wavuvi. Nusu walipewa dawa kwa mpango wa kawaida, nusu wakapewa nyingi zaidi, kila baada ya miezi mitatu. Miaka 3 baadaye kichocho kilikuwa kimepungua kwa waliopewa nyingi, lakini filimbi za kifuani hazikutofautiana, wala mzio wa ngozi. Minyoo ilipungua, pumu haikufumuka.

Sasa nini kinaleta pumu nyingi mjini? Utafiti wa wanafunzi wa Wakiso ulikuta aliyezaliwa na kukulia mjini yuko hatarini kuliko aliyeanzia kijijini. Mnyoo peke yake haubebi tofauti hiyo. Kuna ng'ombe, udongo, chakula, na mengine tunayoishi nayo bila kuyahesabu. Wakati huo huo safura, mnyoo mwingine wa utumboni, inanyonya damu ya binti wa mwalimu, na upungufu wa damu naujua kwa macho: kiganja cheupe, mtoto anayesinzia darasani. Nilimwambia ampe kidonge. Alinijibu atafikiria.

Mjukuu wa bibi nilimsikiliza mgongoni, filimbi pande zote mbili. Nikatoboa kitako cha chupa ya soda ya nusu lita, nikachomeka inhela ya salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, akavutia hewa mdomoni mwa chupa. Baada ya dakika ishirini alikuwa anauliza mandazi. Bibi hakutabasamu. Alikuwa anaangalia mlango wa maabara.

Tulikipima kiberiti. Hakuna yai hata moja. Nikamweleza habari ya pumu, ya inhela ya kila siku, ya kuhamishia sigiri nje. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma daftari la mtoto mbele yangu.

"Andika humo kwamba hana minyoo, na upige muhuri. Mama yake yuko Kampala, mimi hataniamini."

Nikaandika, nikapiga muhuri.