"Usijali fundi, nimeshapunguza kwenye rimoti"

Jumamosi iliyopita nililetewa ndege tatu ndogo za rimoti nizikague kabla hazijarushwa mara ya kwanza. Zote tatu, fimbo ya eleroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, kinachoilaza ndege upande) ilikuwa kwenye tundu la nje kabisa la mkono wa servo (kimota kinachosukuma fimbo hiyo), na upande wa pili ilikuwa kwenye tundu la pembe (kijipande kilichofungwa kwenye kibao) lililo karibu kabisa na bawaba. Nikiuliza, jibu ni moja: kibao kilikuwa kinainuka mno, basi nimebana asilimia kwenye rimoti, mambo yako sawa.

Hayako sawa. Chukua servo ndogo ya gramu 9, yenye nguvu ya kilo 1.8 kwa mkono wa sentimita moja, inayozunguka digrii 45 kila upande. Funga fimbo milimita 10 kwenye mkono na milimita 20 kwenye pembe. Kibao kitainuka digrii kama 20, zinamtosha mwanafunzi na chenji inabaki, na servo imetumia mwendo wake wote. Sasa geuza: 20 kwenye mkono, 10 kwenye pembe. Ili usipite zile digrii 20, itabidi uibane rimoti mpaka servo izunguke kama digrii 10 tu kati ya 45. Mkono umerefuka mara mbili, kwa hiyo fimbo inasukumwa kwa nusu ya nguvu. Pembe nayo imefupika, basi nguvu inayofika kwenye bawaba ni robo ya ile ya mwanzo. Servo ile ile, betri ile ile.

Na bado hatujagusa kucheza, yaani ulegevu. Gia za plastiki hazikosi kucheza kidogo, tuseme digrii moja. Kwa mpangilio wa kwanza kibao kinacheza nusu digrii. Kwa wa pili, digrii mbili. Rimoti haiwezi kupunguza hilo hata ukiibana vipi, kwa sababu inaiamuru servo tu, haijui kilichoko mbele yake. Ndege ikiteremka kwa kasi, kibao kilicholegea namna hiyo huanza kupapatika. Unasikia mlio kama wa nzi aliyenaswa kwenye chupa, kisha eleroni imeng'oka. Mwenyewe anaokota vipande huku analaumu risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti.

Kwa hiyo mwendo upange kwa matundu kwanza: ndani kwenye mkono, nje kwenye pembe. Washa rimoti, trimu zote (vitufe vya marekebisho madogo) katikati, ndipo uchomeke mkono, na ukutane na fimbo kwa digrii 90. Kama ekseli ya servo yako, pale mkono unapochomekwa, ina meno 25, jino moja ni digrii 14.4, na wengi hapo hukata tamaa wakakimbilia sabtrimu, yaani kuisogeza katikati ya servo kwa rimoti. Tumieni ule mkono wa msalaba! 25 haigawanyiki kwa nne, kwa hiyo kila tawi linakaa tofauti kidogo na jirani yake. Jaribu yote manne, chagua linalokaribia zaidi, kata matatu yaliyobaki. Digrii moja au mbili zinazosalia ndiyo kazi ya sabtrimu.

Na haya mengine ninayoambiwa. "Weka servo kubwa zaidi." Umeongeza uzito, kucheza kuko pale pale. Bawaba ikiwa ngumu, ilainishe kwanza.

"Expo inapunguza mwendo." Expo ni mpangilio wa rimoti, inalainisha mwendo wa kijiti katikati tu. Ukisukuma kijiti mpaka mwisho, kibao kinafika pale pale.

"Pembe ikae popote penye nafasi." Matundu yake yawe juu ya mstari wa bawaba. Yakisogea mbele au nyuma, kibao kitapanda kiasi kimoja na kushuka kiasi kingine. Kwenye eleroni kupanda zaidi kuliko kushuka kunasaidia, lakini iwe umekusudia. Kwenye eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) sitaki kukuona nako.

"Servo kunguruma ni kawaida." Ikinguruma kijiti kikiwa mwisho, kuna kitu kinagonga au kinakwama, na servo iliyokwama inakula umeme mwingi. Chomoa klevisi (kibano cha ncha ya fimbo), sukuma kibao kwa kidole, utajua kilipo. Ukiirudisha, ivalishe kipete cha mpira wa silikoni isifunguke angani.

"Spoku ya baiskeli haifai." Inafaa sana, mimi naitumia: milimita 2 za chuma, na kwa umbali mfupi haipindi ikisukumwa. Ila hesi yake si ya klevisi ya M2 (ya hesi ya kawaida ya milimita 2). Inaingia kwa kulazimishwa, unadhani imeshika, kumbe umeshaharibu plastiki. Kata hesi hiyo, pinda ncha kwa koleo iwe umbo la Z, na tundu la mkono litoboe kwa keekee ya saizi ile ile, si kwa msumari wa moto.