Nyongeza ya mshahara ina bili mbili: maana ya "mshahara wa pensheni" na jinsi San Diego ilivyoungua

Tuanze na hesabu kwanza, maneno baadae. Mfanyakazi wa jiji analipwa dola 60,000 kwa mwaka, kapiga kazi miaka 30, anakaribia kustaafu. Mfuko wake wa pensheni unampa asilimia 2.5 ya mshahara kwa kila mwaka aliotumikia, kwahiyo 30 mara 2.5 ni 75, yaani atakula asilimia 75 ya mshahara wake wa juu kabisa mpaka siku anazikwa. Hiyo ni dola 45,000 kwa mwaka. Sasa mwaka wa mwisho kazini jiji likatoa nyongeza ya asilimia 5. Mshahara ukawa 63,000, jiji limeongeza dola 3,000, watu wakapiga makofi, meya akapiga picha na viongozi wa chama cha wafanyakazi. Ila kimya kimya pensheni nayo imepanda kutoka 45,000 mpaka 47,250. Tofauti ni 2,250 kila mwaka, na akijaliwa miaka 25 baada ya kustaafu ni dola 56,250, hapo sijagusa ile asilimia kidogo wanayoongezewa wastaafu kila mwaka kwa sababu ya kupanda kwa gharama za maisha.

Dola 3,000 imezaa 56,250! Na michango yake ya miaka 29 ya nyuma ilikatwa kwa mshahara wa zamani, kwahiyo kama hakuna aliyeikadiria nyongeza hiyo mapema, hiyo 2,250 haijawekewa akiba hata senti. Ndiyo maana mtu wa bajeti akisikia neno nyongeza anakunja uso, sio roho mbaya, ana bili mbili kichwani na nyie mnaiona moja.

Mshahara wa pensheni ni ile sehemu ya malipo yako inayoingia kwenye hesabu ya mafao ya uzeeni. Basi. Bongo tunaijua vizuri tu japo hatuiiti hivyo, angalia salari slipu yako, kuna basic halafu chini kuna posho za kila aina, sasa makato ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma (asilimia 5 ya kwako na 15 ya mwajiri), yanapigwa kwenye mshahara, posho hazihusiki. Kenya vilevile, mtu ana basic ndogo na house allowance ya maana, anaishi vizuri kabisa miaka yote, siku anastaafu ndiyo anagundua pensheni inamtambua kwa ile basic peke yake. Kwahiyo mwajiri akikuongezea elfu 50 kwenye basic na akikuongezea elfu 50 kwenye posho ya nauli, mfukoni mwezi huu ni zilezile, ila kwenye vitabu vyake ni vitu viwili tofauti kabisa, moja inaisha mwezi unapoisha na nyingine inakufuata mpaka kaburini.

Na waliofuatilia vurugu za kikokotoo (kanuni ya kupiga hesabu ya mafao Tanzania) kuanzia 2018 hii hesabu wanaijua kwa uchungu. Mle ndani vitu ni vilevile vitatu, mshahara gani unatumika, miaka mingapi, na kwa kila mwezi uliotumikia unahesabiwa sehemu gani ya mshahara wa mwaka (1/540 au 1/580, sehemu ya ule ugomvi). Ukigusa kimoja mifuko inatikisika au wastaafu wanatikisika, hakuna kisichomgusa mtu.

Sasa kwanini jiji linaumia kuliko serikali kuu? Jiji halichapishi noti. San Diego, jiji la pili kwa ukubwa California huko Marekani, linaishi kwa kodi ya majengo, kodi ya mauzo, kodi ya hoteli za watalii na ada ndogondogo, bajeti yake kisheria lazima ibalansi, na juu ya hapo tangu 1978 California ina sheria iliyopigiwa kura na wananchi wenyewe kwamba kodi ya majengo haivuki asilimia 1 na thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Kwahiyo upande wa mapato umefungwa kamba, upande wa matumizi una zimamoto, polisi, maktaba, mashimo ya barabarani, halafu hiyo bili ya pensheni ambayo haiombi ruhusa.

1996 San Diego ikapata akili ya kijanja. Mfuko wao wa wafanyakazi unaitwa SDCERS, na kila mwaka mtakwimu bima (yule anayekadiria watu wataishi muda gani na hela itazaa kiasi gani) anaiambia manispaa changia kiasi hiki. Jiji halikuwa na hela, wafanyakazi nao walikuwa wanataka maslahi zaidi, basi wakakaa mezani wakakubaliana: jiji litachangia CHINI ya kiwango cha mtakwimu, na wafanyakazi wataongezewa mafao. Soma tena hapo taratibu. Ahadi inapanda, akiba inashuka, na kila mtu anatoka kikaoni anacheka. Ni sawa na kwenda kwa mangi kuongeza mkopo wa unga siku hiyohiyo unayomwambia mwezi huu nitalipa nusu, na mangi anakubali kwa sababu na yeye ana shemeji kwenye familia yako.

Hilo la shemeji sio utani, kwenye bodi ya mfuko walikaa wafanyakazi wa jiji na viongozi wa vyama ambao na wao walikuwa wanafaidika na mafao yakiongezwa.

Waliweka breki moja. Akiba ya mfuko ikishuka chini ya asilimia 82.3 ya ahadi zote, jiji lazima liingize hela nyingi kwa mkupuo. Miaka ya mwisho ya tisini soko la hisa lilikuwa linapanda kama moto wa kifuu, hakuna aliyeikumbuka hiyo breki. Mfuko ulikuwa umepiga mahesabu ya faida ya asilimia 8 kwa mwaka, ikizidi hapo wanaiita ziada na ziada wanaigawa, kulikuwa mpaka na cheki ya 13 kwa wastaafu. Mwaka mzuri mnagawana, mwaka mbaya hakuna anayerudisha, hilo ndilo tundu la kikapu. 1997 wakaongeza na mpango wa kustaafu kwenye makaratasi, unaendelea na kazi mpaka miaka mitano, mshahara unakula huku pensheni yako inaingia kwenye akaunti yenye riba inakusubiri.

Soko likaanguka kuanzia 2000, kufika 2002 mfuko unainyemelea ile 82.3. Wakafanya nini? Wakakaa tena, wakalegeza breki, na wakaongeza mafao TENA. Mjumbe mmoja wa bodi, Diann Shipione, akakataa na kupiga kelele hadharani, wakamwona mkorofi. Huku nyuma jiji linaendelea kuuza bondi (hati za kukopa hela) kwa wawekezaji bila kuwaambia ukubwa wa hilo shimo, funika kombe mwanaharamu apite.

Hakupita. 2004 pengo lilishavuka dola bilioni 1, Standard & Poor's wakasimamisha alama ya ukopaji ya jiji, gazeti la New York Times likalibatiza Enron ya kando ya bahari (Enron ni ile kampuni ya nishati iliyoanguka kwa mahesabu ya uongo), 2005 meya Dick Murphy akajiuzulu, na Novemba 2006 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani ikasema wazi kwamba jiji liliwadanganya wawekezaji kwenye bondi za 2002 na 2003. Miaka kadhaa San Diego haikuweza kwenda kwenye soko la bondi kama majiji mengine, jiji la kitalii lile lenye meli za kivita na fukwe.

Hapa kuna kitu watu wanakichanganya. Bili ya pensheni ya mwaka ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni gharama ya mwaka huu, yaani mfanyakazi kafanya kazi 2010, kachuma haki ya pensheni ya 2010, weka akiba yake. Hicho kinabebeka. Kipande cha pili ni kulipa pengo la nyuma, yaani ahadi zote toa akiba iliyopo, igawe kwa miaka kadhaa, lipa mdogomdogo na riba yake. Ukiona jiji linalia pensheni imetumaliza mara nyingi linalilia kipande cha pili, ambacho kwa sehemu kubwa hakitokani na wazoa taka wanaodai nyongeza leo, kinatokana na mambo ya nyuma kama michango ambayo wakubwa hawakulipa. Mimi naona wafanyakazi wanabebeshwa lawama kupita kiasi kwenye hizi hadithi, japo viongozi wao nao walisaini.

Kufikia 2012 malipo ya mwaka yalikuwa kama dola milioni 231. Meya Jerry Sanders na wenzake wakapeleka jambo kwa wapiga kura, Juni 2012, linaitwa Proposition B, likapita kwa theluthi mbili hivi. Lilisema mambo mawili makubwa. Moja, waajiriwa wapya wote isipokuwa polisi hawapati pensheni ya zamani, wanapata akaunti ya akiba tu, ulichoweka na kilichozaa ndicho chako. Pili, na hii ndiyo inatuhusu, mshahara wa pensheni ugandishwe miaka mitano.

Umeona kisu kilipoingia? Hawakusema msilipe watu zaidi, walisema kile kipande kinachozaa pensheni kisisogee. 2013 jiji na vyama wakafunga mikataba ya miaka mitano, nyongeza zikapitishwa kwenye malipo yasiyohesabiwa, hela ya sare, hela ya bima na mafao mengine. Mtakwimu alikuwa amekadiria mishahara itapanda kila mwaka, isipopanda ahadi inapungua na bili inashuka. Kihesabu ni safi sana.

Ila binadamu sio safu ya Excel. Polisi wakaanza kuondoka, wanafunzwa San Diego kwa hela ya San Diego halafu wanahamia miji ya jirani inayolipa vizuri, na kwenye idara nyingine waajiriwa wapya walikuwa na shida kubwa zaidi kwa sababu jiji hilo lilishajitoa kwenye Social Security (pensheni ya taifa ya Marekani) zamani, kwahiyo mtu aliyeajiriwa chini ya sheria mpya hana pensheni ya jiji na kwa kazi hiyo hana pensheni ya taifa. Unamwambia nini huyo aje kukusimamia maji taka? Mwisho wa 2017 jiji likasalimu amri kwa polisi, nyongeza ya asilimia 25 mpaka 30 hivi ndani ya muda mfupi. Na nyongeza hiyo iliingia kwenye mshahara wa pensheni, kwahiyo kile kilichookolewa kwa kugandisha kikaanza kurudi kwa mlango wa mbele, hodi hodi. Wakati huohuo mfuko ulikuwa umeacha kujidanganya na asilimia 8 ukashuka mpaka 6.5, na ukipunguza makadirio ya faida, pengo linapanuka hapohapo hata kama hakuna aliyeongezewa senti.

Halafu mahakama. Agosti 2018 mahakama ya juu ya California ikasema meya alipaswa kujadiliana na vyama kabla ya kulipeleka lile jambo kwa wapiga kura, mwanzoni mwa 2021 likafutwa kabisa, na kuanzia Julai 2021 waajiriwa wapya wakaanza kuingizwa tena kwenye pensheni, ikabaki kazi ya kuwapigia hesabu ya nyuma wale walioajiriwa katikati. Julai hiyohiyo ndiyo ulianza mwaka wa fedha 2022, bili ya pensheni ikiwa imevuka dola milioni 400, na sehemu kubwa yake ni kipande cha pili, kazi zilizofanywa zamani na watu ambao wengi wameshastaafu.