Baiskeli ya mlimani si Phoenix ya baba: tunayoambiana, na yaliyo kweli

Kila Jumapili tukishuka kutoka miteremko ya Meru tunakaa kwa mama mmoja anayeuza chai ya maziwa na chapati kando ya barabara. Baiskeli zinalazwa kwenye nyasi, na hapo ushauri unaanza kugawiwa bure. Mmoja anasema ongeza upepo. Mwingine anasema usithubutu kugusa breki ya mbele. Wa tatu, ambaye cheni yake inalia kama mlango wa ghala, anatufundisha kutunza cheni. Nimekaa kwenye vikao hivyo kwa miaka, nimetoa ushauri mbovu na kuupokea, na nimegundua jambo moja: karibu kila dhana potofu tuliyo nayo ilikuwa kweli tupu kwa baiskeli nyingine. Ilikuwa kweli kwa Phoenix.

Phoenix ya baba ilikuwa na tairi nyembamba za inchi 28, breki za fito, cheni nene isiyojua gia, na keria iliyobeba gunia la mahindi na mtoto juu yake. Waliotufundisha kuitunza hawakutudanganya. Sisi ndio tuliohamishia mafunzo yale kwenye mashine isiyo yake.

"Upepo ukiwa mgumu ndipo baiskeli inakwenda"

Kwenye lami, ukiwa na gunia la kilo 50 nyuma, naam. Lakini tairi la mlimani lina upana wa inchi 2.2 hadi 2.4, na kazi yake ni kubonyea juu ya jiwe na mzizi, kisha kurudi. Ukilijaza mpaka kidole gumba kigome, linadunda. Kila jiwe linakurusha juu, meno ya tairi hayaumi udongo, na viganja vinakufa ganzi kabla ya saa moja kuisha. Nguvu uliyodhani umeiokoa inaishia kwenye kurushwarushwa.

Mtu wa kilo 70 mwenye tyubu ndani aanzie upepo wa psi (kipimo cha upepo wa tairi) 28 hadi 32 nyuma, na mbele apunguze 2 au 3. Asiyetumia tyubu, yaani mwenye tyubulesi, anaweza kushuka hadi 22 au 25. Hizo ni namba za kuanzia tu. Ukiwa mzito, ongeza. Njia ikiwa ya mawe makali, ongeza kidogo. Ikiwa tope, punguza.

Pancha nayo inasema, ukiisoma. Ukitoa tyubu ukakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka, upepo ulikuwa mdogo mno, rimu ikaibana tyubu kwenye jiwe. Ukikuta tundu moja, huo ni mwiba, na kwa njia zetu za migunga uwezekano ni mkubwa kwamba mwiba wenyewe bado umo ndani ya tairi unasubiri tyubu mpya. Pitisha tambara ndani ya tairi kabla ya kuifunga. Tambara, si kidole.

Tatizo ni kipimo. Wengi wetu tunajazia kwa kompresa ya gereji ya magari, ambayo kufumba na kufumbua imeshafika psi 60. Pampu ya kusimama yenye saa ya kipimo ni ghali kidogo, lakini ni kifaa cha kwanza ningekinunua tena kama vyote vingeibiwa. Kabla ya viatu, kabla ya miwani.

Na kwa wale waliohamia tyubulesi wakaacha kubeba tyubu ya akiba: ile gundi ya maji inayoziba matundu hukauka. Kwenye joto letu, baada ya miezi miwili au mitatu ikague. Vua gurudumu, litikise karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza ndani, umebaki na tairi la kawaida lenye sifa. Na tairi likichanika ubavuni, hakuna gundi ya kukuokoa. Beba tyubu.

"Oili chafu ndiyo dawa ya cheni"

Hii naijua vizuri kwa sababu niliiamini mpaka nikaharibu seti nzima ya gia za nyuma. Oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini, ni nyeusi kwa sababu imebeba masizi na vumbi la chuma. Cheni ya Phoenix ilikuwa nene, ikienda mstari mmoja, na ilivumilia. Cheni ya gia 11 au 12 ni nyembamba, inapindishwa huku na huku siku nzima, na ndani ya kila pini ule uchafu ukichanganyika na vumbi unakuwa msasa. Mafuta ya kupikia nayo si mbadala. Yakikaa siku chache yanageuka gundi, kama yanavyofanya kwenye ukuta wa nyuma ya jiko.

Halafu kuna WD-40, ambayo nusu ya kikao chetu huiita mafuta ya cheni. Jina lenyewe linakueleza kazi yake. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji ili chuma kisipate kutu, na 40 ni idadi ya majaribio yaliyohitajika mpaka ikafaulu. Ile ya kopo la kawaida inafukuza maji na kulainisha nati iliyoganda, na hapo haina mpinzani. Kwenye cheni inasafisha, inang'arisha, kisha baada ya safari moja hakuna kilichobaki ndani ya pini.

Mafuta ya cheni yenyewe hayahitaji wingi. Futa cheni kwa tambara kavu, weka tone moja juu ya kila pini, zungusha pedeli nyuma mara kadhaa, yaache yaingie, bora usiku kucha, halafu futa tena mpaka tambara litoke karibu safi. Mafuta yanayofaa ni yaliyo ndani. Yanayoonekana nje kazi yake ni kukusanya vumbi na kuchafua ukuta wa korido, na hapo ugomvi hauwi tena wa baiskeli.

Kujua kama cheni imekwisha huhitaji fundi. Chukua rula ya mtoto ya sentimita 30. Weka sifuri katikati ya pini ya kwanza, hesabu mpaka pini ya 21. Cheni mpya itasoma milimita 254. Kwenye gia 8 hadi 10, ikifika 256, ibadilishe. Kwenye gia 11 au 12 usiiache ivuke 255 kwa zaidi ya unywele, maana ikivuka inakula meno ya gia za nyuma, na hizo bei yake ni mara kadhaa ya cheni. Rudisha rula kwenye mkoba ikiwa safi. Nina ushahidi wa daftari la hesabu lenye alama ya mafuta.

"Petroli inasafisha kuliko chochote"

Inasafisha, kweli. Pia mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na unaweza kushika moto ukiwa mbali na beseni lako, penye jiko la mkaa au kiberiti cha jirani. Katika nyumba zetu ambazo ua ndio jiko na ndio gereji, sioni cha kujadili. Brashi ya meno iliyostaafu, maji ya moto na sabuni ya vyombo vinatosha kwa cheni nyingi. Iliyoganda sana, tumia mafuta ya taa kidogo, nje, mbali na moto, na usiyamwage kwenye mtaro.

"Breki ya mbele itakupindua"

Kati ya dhana zote hii ndiyo inayoniumiza roho, kwa sababu inavunja watu mifupa huku ikijifanya inawalinda.

Unapokamata breki, uzito wako unasogea mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, likifungwa linateleza tu. La mbele ndilo linalokandamizwa ardhini, kwa hiyo ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Anayeshuka kwa breki ya nyuma peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi na anachimba njia. Akifika kwenye kona ambayo breki ya nyuma haimtoshi, kwa hofu anaivamia ya mbele kwa vidole vinne. Hapo ndipo anapinduka, kisha anarudi kikaoni kutuambia, "Si niliwaambia?"

Kinachopindua ni kukamata ghafla mwili ukiwa mbele. Shusha visigino, peleka makalio nyuma kidogo, tumia kidole kimoja kila upande, bana taratibu, na punguza mwendo kabla ya kona badala ya ndani yake. Nenda kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi, rudia mara 20. Jioni moja inatosha kukutoa woga.

Mimi nilijifunza kwenye lami ya kutoka Lushoto kuteremka Mombo kupitia Soni, kilomita zaidi ya 30 za kona, nikiwa na breki ya nyuma tu mkononi. Kabla ya kufika chini nilisikia harufu ya kuungua, na mkono wa breki ukawa unazama hadi kwenye usukani. Joto hilo ni la zamani kuliko mchezo wenyewe unavyojulikana leo. Kule California, karibu na mji wa Fairfax, vijana waliokuwa wakishuka milima kwa baiskeli nzito za kizamani walianza mashindano tarehe 21 Oktoba 1976. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, zile za kukanyaga pedeli kinyume, na kwa mteremko mmoja tu grisi ilipata moto mpaka ikatoka moshi. Walilazimika kufungua habu na kupaka grisi upya, na njia ile ikaitwa Repack, yaani "jaza upya", kwa sababu hiyo. Hao waliendesha hivyo kwa kukosa kingine. Wewe una breki mbili za diski.

Kwa wanunuzi wa mitumba kuna mtego. Baiskeli iliyotoka Uingereza au Japani kwa kawaida ina breki ya mbele mkono wa kulia. Iliyotoka Marekani au Ujerumani, kushoto. Kabla ya kupanda baiskeli usiyoijua, isukume kwa mguu na ubane mkono mmoja mmoja, ujue upi ni upi. Sekunde tano.

Na kuhusu mafuta ya breki: hapa "oili ni oili" haifanyi kazi kabisa. Breki za kampuni ya Shimano zinatumia mafuta ya madini, nyingi za kampuni ya SRAM zinatumia mafuta yaitwayo DOT, kama pikipiki. Ukiingiza DOT ya duka la pikipiki kwenye Shimano, raba za ndani zitaharibika. Usipulizie chochote karibu na diski, hata kama inapiga kelele. Diski yenye mafuta inafutwa kwa spiriti na tambara safi. Pedi za breki zikishalowa mafuta, mara nyingi dawa yake ni mpya.

"Ipeleke kwa wanaoosha magari"

Ile mashine ya presha inaondoa tope, na kwa wakati huohuo inasukuma maji yapite kwenye raba za habu, shingo ya usukani na shokapu, ambako grisi inaishi. Baiskeli itang'aa, na baada ya wiki kadhaa gololi zitaanza kukoroma. Ndoo, sifongo, kopo la kumwagia, basi. Tope la Meru ukiliacha kidogo likauke, nusu yake inaanguka kwa brashi bila maji.

"Chini ya kaptula ya pedi lazima chupi"

Samahani kwa walio mezani. Hapana. Ile pedi imeshonwa ikae kwenye ngozi, na mshono wa chupi ndio unaokuchubua. Kwa sababu hiyo kaptula inafuliwa kila baada ya safari, siku hiyohiyo, na kaptula iliyosahauliwa ndani ya begi hadi Jumatano mfuaji ni mwenye begi. Usitumie kilainisha nguo, kinaziba kitambaa kisinyonye jasho. Ianike pedi ikiwa imegeuzwa nje. Majirani watauliza, waambie.

"Ukiitundika, breki zinaingia hewa"

Wengi wetu tunaishi chumba na sebule, na baiskeli ikilala nje asubuhi hakuna baiskeli. Kwa hiyo inaingia ndani, na mahali pekee palipobaki ni ukutani. Breki iliyotolewa hewa vizuri haijali imetundikwa vipi. Kama ukiishusha mkono wa breki ni laini, bana mara kadhaa utarudi, na ujue hewa ilikuwemo tangu mwanzo, ukuta umekuonyesha tu. Kwa shokapu ya mbele, kutundikwa gurudumu la mbele likiwa juu au chini hakuna ubaya, na ikikaa kichwa chini mafuta yanapata nafasi ya kulowesha raba zake. Tafuta tofali imara au mbao ya paa. Misumari kwenye plasta itakuamsha saa nane usiku.

Hatari ya kweli ndani ya nyumba ina miaka minne na inapenda kubana vitu. Nilivua gurudumu la mbele kuziba pancha sebuleni, nikaenda kuchukua maji. Niliporudi mkono wa breki ulikuwa umebanwa mara nyingi kwa furaha kubwa, na bila diski katikati, pedi zilikuwa zimekutana. Zinarudishwa kwa kitu bapa cha plastiki, polepole, ncha ya bisibisi isikaribie. Siku hizi tunakunja kipande cha boksi la maziwa, tunakibana kati ya pedi kabla gurudumu halijagusa sakafu, na mwenye miaka minne ndiye anayekumbuka kukileta.