VJ hakuwekwa kuficha ubovu wa filamu

Wengi wakiitazama Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyotengenezwa mwaka 2010 na Nabwana I.G.G. huko Wakaliga, Kampala, hudhani yule anayeropoka juu ya picha, VJ (yaani “video joker”, msimuliaji wa filamu) Emmie, aliwekwa ili kuficha ubovu wa filamu. Sivyo. Kwenye vibanda vya video vya Uganda, VJ ni sehemu ya onyesho lenyewe: hutafsiri filamu za nje kwa Kiganda, hutania, huchochea ugomvi, hushangilia. Waliokulia na kanda za wasimuliaji kama Lufufu Tanzania au DJ Afro Kenya hawahitaji kuelezwa; wapo wanaochagua filamu kwa jina la msimuliaji, mwigizaji baadaye.

Uhaba wa vifaa upo, wala haufichwi. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na damu ni rangi iliyojazwa kwenye kondomu, inayopasuka mtu “akipigwa risasi”. Helikopta za kompyuta zinachekesha, na nadhani zimekusudiwa hivyo. Lakini mapigano ya kung fu yamepangwa barabara. Anayepiga picha namna hiyo anawajua watazamaji wake, na watazamaji hao walikuwa majirani waliouziwa DVD mlango kwa mlango.