Wimbo wa Anfield haukuzaliwa Liverpool
Mashabiki wengi wa Liverpool, wakiwemo wa huku kwetu wanaoinua skafu mbele ya televisheni, huamini kwamba "You'll Never Walk Alone" ulitungwa kwa ajili ya klabu yao. Sivyo. Richard Rodgers na Oscar Hammerstein II waliutunga Marekani kwa ajili ya mchezo wa jukwaani uitwao Carousel, wa mwaka 1945, ambamo mwanamke aliyefiwa na mumewe huimbiwa ili afarijike. Bendi ya vijana wa Liverpool, Gerry and the Pacemakers, iliurekodi upya mwaka 1963, ukashika namba moja Uingereza, na kwa kuwa vipaza sauti vya Anfield, uwanja wa Liverpool, vilipiga nyimbo zinazovuma kabla ya mechi, mashabiki wa Kop, jukwaa la nyuma ya goli, wakaudaka. Kwa maoni yangu, asili hiyo ya msibani ndiyo inayoupa wimbo huu uzito pale timu inapokuwa nyuma kwa mabao.