Je, wajua kwa nini rangi ya mdomo humpa vegani taabu kuliko nyama?

Mtu akiamua kuwa vegani, yaani kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa, jikoni kwetu hapati mashaka makubwa. Mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, kande, mchicha uliotiwa tui zito, na wali kwa maharage ni vyakula ambavyo wengi wetu tumelelewa navyo bila kuvipa jina maalumu. Taabu humwanza anaposhika vitu visivyofanana na mnyama hata kidogo, kama vile pipi nyekundu, kipande cha sabuni, kichupa cha vitamini au rangi ya mdomo. Ng'ombe anapochinjwa, nyama huenda buchani, lakini ngozi, mifupa, kano na mafuta huenda viwandani, na huko hutoka vikiwa na majina ambayo mwenye kuyasoma hawezi kumwona ng'ombe ndani yake.

Neno vegani lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson, mwalimu wa useremala, pamoja na wenzake wachache ambao tayari walikuwa hawali nyama, walipoona kwamba maziwa na mayai nayo hutokana na kumfungia mnyama kwa manufaa ya binadamu. Walichukua herufi tatu za kwanza na mbili za mwisho za neno vegetarian, ambalo kwa Kiingereza ni mtu asiyekula nyama, wakaanzisha chama chao. Chama hicho hueleza kwamba uvegani ni kuepuka, kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, kila namna ya kuwatumia wanyama kwa chakula, kwa mavazi au kwa kusudi jingine lolote. Maneno hayo "kadiri inavyowezekana" yana uzito wake, nami nitayarudia baadaye.

Tuanze na ule wekundu. Katika nchi za Amerika ya Kusini, hasa Peru, kuna mdudu mdogo aitwaye kochinili, ambaye jike lake hujibandika juu ya dungusi kakati, ule mmea wa miiba wenye vipande vipana kama sahani, na kujifunika unga mweupe ulio kama majivu. Ukimponda kwa kidole, hutoa utomvu mwekundu uliokolea sana. Utomvu huo ni kinga yake dhidi ya wadudu wanaomla, lakini wenyeji wa Mexico na wa milima ya Andes waliutumia kutia rangi nguo kwa karne nyingi, na Wahispania walipofika katika karne ya 16 waliufanya bidhaa ya thamani kubwa. Majike hukwanguliwa kwa brashi, huuawa kwa maji ya moto, kwa jua au kwa joto la tanuri, kisha hukaushwa na kusagwa. Kupata ratili moja, yaani karibu nusu kilo, huhitaji wadudu wapatao 70,000.

Rangi hiyo huingia katika maziwa mgando yenye ladha ya matunda, pipi, vinywaji, rangi ya mashavu na rangi ya mdomo. Kwenye lebo huandikwa carmine, cochineal au E120, na katika vipodozi huandikwa CI 75470. Linaloudhi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba bidhaa hiyo huweza kuuzwa kwa sifa ya "rangi ya asili", na mnunuzi akadhani ni ya bitiruti au ya matunda. Nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2011 iliwalazimisha watengenezaji kuitaja rangi hii kwa jina, kwa sababu kuna watu ambao miili yao hudhuriwa nayo. Mwaka uliofuata, Starbucks, kampuni ya Marekani yenye migahawa ya kahawa, ilipobainika kuwa inaitumia katika kinywaji chake cha stroberi, wateja walilalamika, na kampuni ikaahidi kuhamia kwenye rangi itokanayo na nyanya.

Jelatini nayo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kupika supu ya makongoro. Supu ikilala usiku kucha, asubuhi utaikuta imeganda na inatetemeka ukiitikisa sufuria, na ukiirudisha motoni itayeyuka tena. Kinachogandisha pale ndicho viwanda hukichemsha kutoka katika ngozi ya nguruwe na katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, kisha hukitia katika pipi laini za kutafuna na katika vifuko vya dawa. Msomaji Mwislamu anaijua vizuri kazi ya kupekua lebo kwa ajili ya jelatini, ila yeye akiikuta ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali hutulia, ilhali vegani bado hajapata suluhisho.

Suluhisho moja limelala ufukweni mwa Unguja. Tangu mwaka 1989 mwani umekuwa ukilimwa Zanzibar kwa ajili ya kuuzwa nje, na maji yanapokupwa pale Paje na Jambiani utawaona kina mama wameinama, wakifunga miche kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Mwani huo uliokaushwa hutoa karajinani, yaani E407, inayogandisha vitafunio vya maziwa na kuipa uzito dawa ya meno. Kila nikiisoma namba hiyo kwenye pakiti huona kwamba jasho la watu wa kwetu limo humo, na ingefaa lijulikane zaidi.

Katika mavazi, lugha yenyewe inatufundisha jambo. Sufu ni manyoya ya kondoo, na sufi ni pamba laini ya mti wa msufi ambayo wazee wetu walijazia mito. Herufi moja tu hutenganisha kinachokatazwa na kinachokubalika. Kutoka katika sufu hutolewa lanolini, mafuta mazito yanayotiwa katika dawa za kulainisha midomo na katika losheni. Hariri hupatikana kwa kuchemsha vifukofuko huku buu akiwa bado ndani, ili uzi wake, ambao huweza kufika mamia ya mita, usikatike. Ngozi haihitaji maelezo. Badala yake kuna pamba, kuna vikapu vya mkonge, na kuna katambuga za matairi ya magari.

Hapo kwenye tairi ndipo yale maneno ya chama yanaponiwia wazi. Raba haiwi imara bila kuchanganywa na kemikali kadhaa, mojawapo ikiwa asidi ya stiariki, ambayo hutokana ama na mafuta ya mawese ama na shahamu ya wanyama, na abiria wa daladala hana njia ya kujua ni ipi. Vegani haambiwi atembee kwa miguu hadi Mwanza.

Asali huwagawa watu, lakini msimamo wa vegani ni mmoja: ile ni akiba ya chakula cha nyuki wenyewe, na nta, yaani E901, ni nyumba yao. Tena, asidanganywe na maandishi kwamba kipodozi "hakijajaribiwa kwa wanyama". Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa hivyo mwaka 2013, ila marufuku hayo hayasemi lolote kuhusu nta, lanolini au kochinili iliyomo ndani.

Limebaki jambo moja lisilofaa kufichwa. Vitamini B12 haipatikani katika mboga, nafaka wala matunda kwa kiasi cha kutegemewa, na anayeikosa kwa muda mrefu huweza kupungukiwa damu na kuharibikiwa mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kila vegani, na hasa mama mjamzito, anapaswa kuimeza kama nyongeza au kula chakula kilichotiwa vitamini hiyo. Ya dukani huzalishwa na bakteria, kwa hiyo yenyewe haina tatizo. Lakini ikiwa imefungwa katika kifuko, huenda kifuko hicho kikawa cha jelatini, na ikiwa imechanganywa na vitamini D3, mara nyingi D3 hiyo imetokana na lanolini.